Ujima Hauna Risiti

Nilikwenda kwa fundi kwa ajili ya kibodi iliyomwagikiwa chai, nikakuta mabishano yameshapamba moto. Mezani palikuwa na laptopu nyeusi ya mtumba. Skrini yake haikuwa na picha wala kitu cha kubofya, ni mistari ya maandishi meupe tu iliyosimama kama watu waliozuiwa getini. Kando yake walikaa wawili wasiotaka kutazamana: mama mmoja, mhasibu wa SACCOS, na mtoto wa kaka yake, mwanafunzi wa chuo. Kibodi yangu ilikuwa inasubiri spea, nami sikuwa na haraka. Nikavuta stuli.

Yanayofuata nimeyaandika kama nilivyoyasikia, ila pale walipoongea wote kwa mkupuo. Hapo nimeamua mwenyewe nani atangulie. Kijana alimwita yule mama shangazi, na kabla ya adhuhuri sote tulikuwa tunamwita hivyo.

SHANGAZI: Fundi, swali langu ni moja. Ijumaa nimefunga hesabu kwenye kompyuta hii. Jumapili naikuta hivi. Nani kaiharibu?

KIJANA: Haijaharibika, shangazi. Imekwama katikati ya kupandishwa toleo.

SHANGAZI: Basi likizama mtoni na abiria wake, kondakta atatuambia halijaharibika, limekwama tu?

FUNDI: Tuliza moyo, dada. Na wewe, mdogo wangu, anza mwanzo. Usinipe unachodhani. Nipe ulichofanya, na mashine ilikujibu nini.

KIJANA: Ilikuwa na Ubuntu 22.04. Niliiweka mimi, baada ya ile Windows aliyopigiwa mtaani kuanza kufungua matangazo yenyewe. Diski nzima nikaifunga kwa usimbaji, kwa sababu humo mna hesabu za wanachama. Sasa nikataka kuipeleka 24.04. Nikaandika do-release-upgrade, ikakataa.

FUNDI: Ikakataa ikisemaje?

KIJANA: Kitu kama nafasi haitoshi. Sikuisoma yote. Nikaomba msaada kwa watu wa Linux, jamaa mmoja akanipa njia ya mkato: fungua faili la vyanzo vya programu, kila penye neno jammy andika noble, kisha piga apt full-upgrade. Nikafanya. Ikaenda vizuri karibu dakika arobaini. Halafu ikaanza kulalamika, nikaizima na kuiwasha upya.

FUNDI: Nani alikwambia uizime?

KIJANA: Hakuna. Nilidhani itajirekebisha.

Kwa msomaji asiyezijua hizi namba: Ubuntu, mojawapo ya mifumo ya Linux ya kuendeshea kompyuta, hulipa kila toleo jina la mwaka na mwezi wake, na pembeni jina la utani. 22.04 ni la Aprili 2022, na utani wake ni jammy, 24.04 ni la Aprili 2024, noble. Matoleo ya namna hii, yanayotoka kila baada ya miaka miwili, hupewa marekebisho ya usalama kwa miaka mitano. Fundi alipomweleza shangazi jambo hili, yule mama alihesabu kwa vidole kisha akageuka polepole.

SHANGAZI: Yaani ilikuwa na uhai mpaka 2027. Nani alikutuma?

Kijana hakujibu. Nilimwonea huruma kidogo, maana ugonjwa huo ninao pia. Ukiona neno "mpya" linawakawaka kwenye kona ya skrini, kilichopo kinaanza kunuka uzee saa hiyohiyo.

FUNDI: Huyo jamaa hakumdanganya, dada. Kampa dawa ya mgonjwa mwingine. Kwenye Debian ndivyo tunavyofanya, na ndivyo wenyewe wanavyoagiza: unasoma waraka wa toleo, unabadilisha jina kwenye vyanzo, unakwenda hatua kwa hatua. Ubuntu imetokana na Debian, sura zinafanana, lakini Ubuntu ina chombo chake cha kupandishia. Kabla hakijagusa kitu, chombo kile hupima nafasi, huzima vyanzo vya watu wa pembeni, huangalia kama safari inawezekana. Kilipomkatalia, kilikuwa kinamjibu. Akaenda kuuliza nje jambo ambalo ndani ameshajibiwa.

SHANGAZI: Ndipo ninapotaka tufike. Huyo jamaa ni nani? Ofisini kwangu hela haitoki bila sahihi tatu: aliyeomba, aliyeidhinisha, aliyelipa. Ikipotea, najua nianzie mlango upi. Huyu mwanangu kaingiza mikono ndani ya hesabu za watu kwa neno la mtu ambaye jina lake ni herufi nne na namba, na picha yake ni paka.

FUNDI: Ni ujima, dada. Mimi nimejifunza hivyohivyo. Miaka ile Ubuntu walikuwa wanatuma CD bure kwa posta, dunia nzima, mpaka walipoacha mwaka 2011. Zangu zilifika sanduku la posta la shule. Sikulipa hata senti. Kadi ya sauti haikutoa sauti miezi miwili, na aliyenisaidia alikuwa mtu wa Brazil, alikaa na mimi siku tatu, usiku wake mchana wangu. Hakunidai kitu. Nami nikawajibu wengine. Ndivyo inavyozunguka.

SHANGAZI: Usinifundishe ujima, mimi ni Mpare. Kwetu msaragambo ukiitwa, unakwenda na jembe lako, na kuna mtu anahesabu vichwa. Asiyekuja anatozwa. Aliyechimba mfereji vibaya, maji yakamwagikia shamba la jirani, anaitwa na wazee. Huyo mwenye paka anaitwa na nani?

Kimya. Gari la matangazo likapita barabarani likiuza dawa ya mende, likatupa muda wa kufikiri. Neno ujima tumelizoea mno kwenye habari hizi za programu huria, tunalitamka kwa tabasamu kana kwamba ni sadaka. Shangazi alitukumbusha kwamba ujima wa kweli una daftari la mahudhurio.

FUNDI: Hapo umenipata. Acha nikuongezee silaha, maana hii ni mbaya zaidi. Kuna programu ndogo ya kubana mafaili, inaitwa xz, imo karibu katika kila Linux. Ilikuwa inatunzwa na mtu mmoja, kwa hiari, naye alikuwa amechoka. Akajitokeza msaidizi anayejiita Jia Tan. Alifanya kazi safi zaidi ya miaka miwili mpaka akaaminiwa funguo za nyumba. Mwaka 2024, ndani ya matoleo mawili, 5.6.0 na 5.6.1, akaficha mlango wa nyuma wa kuingilia seva za watu kupitia ssh, ile njia ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali. Miaka miwili ya kujitolea, shangazi, ilikuwa ni kupanda ngazi tu.

SHANGAZI: Mwizi wa SACCOS hufanya hivyohivyo. Anaanza kwa kuwahi kufika kazini. Aliyemkamata nani?

FUNDI: Mhandisi mmoja, Andres Freund, wa Microsoft. Alikuwa katika shughuli zake za kupima hifadhidata, akaona kuingia kwa ssh kunachelewa. Nusu sekunde. Ikamkera, akafuata, akafuata, mpaka akaukuta ule mlango. Tarehe 29 Machi 2024 akautangaza hadharani. Ulikuwa umeshaingia kwenye matoleo ya majaribio, bado haujafika kwenye yale yanayotumika sana maofisini.

SHANGAZI: Kwa hiyo nyumba nzima iliokolewa na mtu mwenye kisirani cha nusu sekunde.

KIJANA: Lakini aliweza kufungua akaona ndani! Programu ya kampuni usingeruhusiwa hata kuchungulia.

SHANGAZI: Na wangapi waliruhusiwa kuchungulia wasichungulie?

FUNDI: Wengi. Siwezi kukataa. OpenSSL, ile inayolinda mawasiliano ya benki na kila mtu, ilikaa na tobo la Heartbleed tangu mwaka 2012 mpaka 2014, na msimbo uko wazi mbele ya macho ya dunia. Macho yalikuwepo, yalikuwa yanatazama kwingine.

Nilitegemea fundi auinue mkasa wa xz kama kombe. Mashabiki wengi hufanya hivyo: tazameni, jumuiya imejiokoa. Yeye aliutoa kama deni. Tangu hapo nikaanza kumwamini, na nadhani shangazi naye, maana alilegeza mkoba uliokuwa umebanwa kwapani.

SHANGAZI: Basi si afadhali kampuni? Nalipa, nina mkataba, ikiharibika nashika mtu.

KIJANA: Kampuni nazo zinageuka, shangazi. CentOS ilikuwa Linux ya bure ya maseva, nyuma yake imesimama Red Hat. Toleo la 8 lilikuwa limeahidiwa kuhudumiwa mpaka 2029. Desemba 2020 wakatangaza kwamba mwisho ni 2021. Watu walikuwa wameshahamisha maseva yao yote.

SHANGAZI: Walikuwa wanalipa?

KIJANA: Hapana.

SHANGAZI: Basi ule haukuwa mkataba, ilikuwa ahadi. Mimi navitenganisha hivyo vitu kila siku, kimoja kiko upande wa kushoto wa daftari, kingine hakimo kabisa.

FUNDI: Lakini angalia kilichofuata. Ndani ya miezi michache watu walewale wakajenga mbili za kuchukua nafasi yake, Rocky Linux na AlmaLinux, kwa sababu msimbo ulikuwepo na ruhusa ilikuwepo. Kampuni ikikufungia programu yake, hujengi chochote. Windows 10 waliacha kuihudumia bure tarehe 14 Oktoba 2025. Laptopu kama hii, isiyo na kile kichipu cha usalama wanachokitaka, toleo la 11 linaikataa. Bila Linux, ilikuwa inakwenda jalalani. Na kwa heshima, shangazi, ile Windows uliyopigiwa mtaani ulimlipa nani?

Shangazi alicheka, kwa mara ya kwanza.

SHANGAZI: Nilimlipa fundi. Elfu ishirini.

FUNDI: Mwenye Windows alipata ngapi?

SHANGAZI: Tuendelee na kompyuta, baba.

Hapo fundi aliiwasha mashine huku kidole kimekaa juu ya Esc, ikaja orodha ya namna za kuwakia. Akachagua kiini cha Linux cha zamani, njia ya uokoaji. Mashine ikadai neno la siri la diski. Shangazi akatuomba sote tutazame ukutani, fundi pamoja, akaliandika. Ukuta ule una kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi, ya mwaka uliopita.

FUNDI: Niambie sasa, mdogo wangu, ulipokwama uliulizaje?

KIJANA: Mara ya kwanza niliandika tu, jamani msaada, Linux imekufa. Mtu mmoja akanijibu, pole kwa msiba.

SHANGAZI: Watu wenyewe ndio hao.

KIJANA: Mara ya pili nikaandika toleo, nilichofanya hatua kwa hatua, nikapiga picha mistari ya mwisho. Dakika ishirini nikawa na majibu matatu. Mmoja akasema nipige dpkg --configure -a. Wa pili akasema nifute vitu vyote vilivyomo /boot kwa rm. Wa tatu akasema nisihangaike, nifomati nianze upya.

SHANGAZI: Waganga watatu, dawa tatu. Utajuaje ya kweli?

Nadhani mjadala mzima ulikuwa hapa, na yaliyotangulia yalikuwa njia ya kuufikia. Msaada haukukosekana. Ulikuja mwingi, kwa dakika ishirini, bure, kutoka kwa watu waliokuwa macho mahali fulani duniani. Kilichokosekana ni mtu wa kupima kati ya majibu matatu, na mzigo huo umemwangukia yule aliye na ujuzi mdogo kuliko wote, usiku, mbele ya kompyuta ya shangazi yake.

FUNDI: Wa kwanza yuko sahihi nusu. Hiyo amri inamwambia dpkg amalizie kufunga vifurushi alivyoviacha njiani. Ulipoipiga ikasemaje?

KIJANA: Ikarudi na kosa lilelile. No space left on device.

FUNDI: Mara ya pili mashine inakwambia habari ya nafasi. Njooni muone.

Aliandika df -h /boot. Ikatoka asilimia mia moja. Akamweleza shangazi, si kijana, na nilipenda alivyofanya hivyo: diski ikifungwa kwa usimbaji, hubaki sehemu ndogo mwanzoni isiyofungwa, inayobeba kiini cha Linux cha kuwashia. Ni kama kibaraza. Kila kiini kipya kikija, hukaa pale na vya zamani, mpaka kibaraza kinajaa na mgeni mpya hana pa kuketi. Vilikuwepo vinne. Kile cha tano, cha 24.04, ndicho kilichobaki mguu mmoja nje.

FUNDI: Wa pili ameuona ugonjwa vizuri kuliko wa kwanza. Dawa yake ndiyo sumu. Ukifuta vyote vilivyomo /boot, umefuta na hiki tunachowashia sasa. Hata ukifuta vya zamani peke yake kwa rm, mafaili yanaondoka lakini daftari la dpkg bado linasema yapo. Shangazi anajua maana yake.

SHANGAZI: Vitabu na stoo havioani.

FUNDI: Ndiyo hivyo. Unaviondoa kwa kupitia daftari.

Aliandika uname -r kuona kiini kilichoko kazini, akakiacha hicho na kimoja cha akiba, vingine viwili akaviondoa kwa dpkg --purge. Kisha dpkg --configure -a. Safari hii mistari ikaanza kutembea.

KIJANA: Kaka, hata wakubwa hukosea. Mwaka 2021 Linus Sebastian, yule Mkanada wa video za kompyuta, alisakinisha Steam, programu ya michezo, kwenye Pop!_OS, Linux nyingine, na mashine ikafuta mazingira yote ya dirisha.

FUNDI: Na mashine ilimwambia kabla?

KIJANA: Ilimwonya. Ikamtaka aandike sentensi nzima kwamba anataka hivyo kweli.

FUNDI: Akaiandika. Hata hivyo simcheki. Kifurushi chao kilikuwa na kasoro, mtu alikuwa anataka kucheza mchezo tu. Na wenye apt hawakukaa kubishana naye, waliibadilisha ili isiwe rahisi tena kujibomolea nyumba namna ile. Shangazi, uliuliza mwenye paka anaitwa na nani. Haitwi. Ila kosa linaitwa. Debian tangu 1997 wana mkataba wao na jamii, ndani yake wameahidi hawataficha matatizo, na orodha ya kasoro zao iko wazi, unaweza kuisoma sasa hivi. Kampuni gani inakuonyesha orodha yake ya aibu?

SHANGAZI: Hilo nalikubali. Mkaguzi angependa hilo.

Kisha akauliza swali ambalo mimi nilikuwa nalo tangu asubuhi.

SHANGAZI: Hayo yote iliyokuwa inasema, ilikuwa inasema Kiingereza?

KIJANA: Ndiyo.

SHANGAZI: Na maswali uliuliza Kiingereza.

KIJANA: Ndiyo, shangazi. Lile la "imekufa" niliandika haraka, nilijua wangecheka lugha yangu.

FUNDI: Palikuwa na watu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi waliuita Kilinux. Mwaka 2004 walitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Walikaa wakabishana juu ya kila neno, faili liitweje, dirisha liitweje. Kazi ile ilihitaji mikono ya kuiendeleza kila toleo jipya linapokuja. Menyu inatafsiriwa mara moja, lakini kosa la usiku wa manane unalitafsiri wewe.

Sikubaliani naye kabisa hapa. Menyu nayo hutafsiriwa upya kila mwaka, na ndiyo sababu kazi za aina hiyo hufia njiani: tunasherehekea uzinduzi, kisha hakuna anayebaki kufagia. Lakini hoja yake ya pili ina uzito. Mashine hii ilisema mara mbili, kwa maneno manne au matano, ugonjwa wake ni nini. Kijana wa chuo, anayefundishwa kwa Kiingereza, aliyaruka. Nimekaa nikijiuliza kama angeyaruka "nafasi imekwisha kwenye /boot". Pengine angeyaruka pia. Wekundu wa kosa humfanya mtu afumbe macho kwa lugha yoyote.

KIJANA: Lakini Linus Torvalds mwenyewe, aliyeianzisha Linux, alianza kwa kuuliza. Agosti 25, 1991, mwanafunzi wa Helsinki, ana miaka ishirini na moja, anawaambia watumiaji wa mfumo wa Minix kwamba anatengeneza mfumo wake, hautakuwa mkubwa, wangependa uwe na nini.

SHANGAZI: Alikuja na jembe, basi. Alikuwa ameshatengeneza kitu ndipo akauliza. Wewe ulikwenda mikono mitupu.

FUNDI: Mara ya pili alikwenda na jembe, shangazi. Toleo, hatua, picha ya mistari. Ndiyo maana walimjibu.

Mistari ikasimama. Fundi akapiga apt --fix-broken install, kisha full-upgrade, akachomeka chaja vizuri kwa sababu betri ilikuwa imechoka, akaenda kununua chapati. Tulikula tukitazama majina ya vifurushi yakipita. Kabla hajaiwasha upya aliuliza jambo ambalo fundi mwingine angeuliza kwanza, na alikiri hivyo.

FUNDI: Nakala ya hesabu iko wapi, endapo?

Shangazi alifungua mkoba, akatoa flashi mbili zilizofungwa kwenye leso, moja ya Ijumaa hiyo, moja ya Ijumaa iliyopita.

SHANGAZI: Mimi mhasibu, baba. Nilikuja kugombana, sikuja kuokolewa.

Ikawaka. Picha ya nyuma ilikuwa mpya, ya 24.04, na mafaili yake yalikuwa palepale. Printa tu haikuonekana. Kijana akataka kuuliza watu wa Linux, fundi akamshika mkono, akamwambia kwanza aandike kwenye karatasi jina kamili la printa, imechomekwa kwa waya au kwa waifai, na kama ilifanya kazi kabla. Shangazi akaichukua ile karatasi, akaisoma, akaongeza tarehe juu yake.

SHANGAZI: Kiasi gani?

FUNDI: Elfu kumi na tano.

SHANGAZI: Na risiti.

Fundi alipekua droo mpaka akapata kitabu cha risiti, akapuliza vumbi, akaweka karatasi ya kopi katikati. Kalamu ikasimama kwenye mstari wa maelezo.

FUNDI: Niandike nini? Kuna yule wa kwanza aliyesema dpkg, sehemu ya kazi ni yake.

SHANGAZI: Wewe andika ulichofanya wewe.

Akafikiri kidogo, akaandika: Kusoma ujumbe wa kosa, kuondoa viini viwili. Shangazi aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia kwenye leso pamoja na zile flashi.